Mabuyu ya Mizuka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vionekanavyo na visivyoonekana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Darasani kwetu limeletwa swali na mama mmoja wa Mji wa Kale, naye ni mpishi hodari wa mabuyu, kashata na visheti, avitiaye katika vijifuko akauza mlangoni kwake. Mwanawe amerudi kutoka skuli na barua ya kwamba tarehe 31 Oktoba watoto watafanya karamu. Kila mmoja aje na vazi la kutisha, na achukue kitamutamu kilichopikwa nyumbani kwao, nacho kiwe na sura ya kutisha vilevile, kama jicho lililong'olewa, kidole cha maiti, au jino lenye damu. Mama huyu hakuona taabu ya mapishi. Mabuyu yake ni mekundu tangu hapo, na mtoto ayalapo, midomo na ulimi humgeuka kama aliyekunywa damu. Lakini moyo wake umesita, ndipo akauliza: Je, yafaa nipike? Na ikiwa haifai, nimwambie nini mtoto ambaye wenziwe wote watakwenda na sahani zao, na yeye hataki kuwa wa peke yake asiye na kitu mkononi?

Wako waliotutaka tumjibu kwa neno moja, haramu, kisha tufunge kitabu. Lakini kuharamisha si kazi nyepesi, na Mwenyezi Mungu amewakemea katika Suratun Nahl, aya ya 116, wale ambao ndimi zao husema hiki halali na hiki haramu pasi na hoja. Tena mwulizaji ana haki ya kuijua njia tuliyoipita hatta tukafika kwenye jawabu. Basi na tulipekue jambo hili kitu kwa kitu.

Kwanza chakula chenyewe. Asili ya kila kizuri kiliwacho ni halali, na mabuyu ni katika vizuri alivyotujaalia Mola wetu. Mtu huvunja buyu, akaondoa nyuzi, akabaki na kokwa na unga wake mweupe wenye ukali. Huchemsha sukari na maji kidogo mpaka shira iwe nzito ya kunata kidoleni, akatia hiliki, na pilipili ya unga kwa wapendao kuwashwa, na rangi. Kisha humimina kokwa akazikoroga bila ya kusimama mpaka shira igande juu ya kila moja, ndipo huyamwaga siniani yapoe. Rangi na iwe ya chakula, isiwe ile ya kutilia ukili, maana tumbo la mtoto si mkeka. Nazi na sukari ya kashata, unga na samli ya visheti, hivyo navyo havina neno. Penye neno ni peremende za kununua, zile laini za kuvutika kama mpira. Hizo aghlabu hugandishwa kwa jelatini, na jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, wakiwamo ng'ombe na nguruwe. Na anunuaye bila ya kusoma karatasi yake hajui amemlisha nini mwanawe. Faluda yetu ya Ramadhani hugandishwa kwa mwani wa baharini. Atakaye kitu cha kutetemeka sahanini na apike hiyo.

Ama umbo, wako waliosema kwamba kufinyanga kidole kwa kashata ni kutengeneza sanamu. Hilo hatulioni. Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho, na kidole kilichotengana na mwili hakina roho wala hakiishi peke yake. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vidoli vyake vya kuchezea, naye Mtume (s.a.w.) alimwona navyo asimkataze. Na kitu kifanywacho kwa ajili ya kutafunwa hakikutukuzwa. Ingawa historia ina vituko vyake: wanahistoria wa Kiarabu wamesimulia kwamba kabila la Bani Hanifa, katika zama za ujahili, lilijitengenezea mungu kwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, wakamwabudu kwa muda, kisha ilipowashika njaa wakamla. Tulitajapo hili darasani vijana hucheka. Lakini tulikumbuke, kwani tutarudi kwenye tamu zinazopikiwa wasiokula.

Sasa karamu. Usiku huo huitwa Halloween, na maana ya jina ni mkesha wa sikukuu ya Kikristo ya watakatifu wote, ifanywayo tarehe 1 Novemba, ambayo kanisa la Roma liliiweka siku hiyo katika karne ya 8 na ya 9. Lakini watu wa Ireland na Scotland walikuwa na mambo yao kabla ya hapo. Wakati huo kwao ndio mavuno yamekwisha, majani yamepukutika, mchana umefupika na baridi inaingia, wakaitakidi kwamba usiku ule wafu na mizuka hurudi kutembea baina ya walio hai. Wakawasha mioto, na wengine wakavaa nyuso za bandia. Na huko Uingereza maskini walikuwa wakipita milango kwa milango wakipewa mikate midogo mitamu, wawaombee maiti wa nyumba ile. Njaa kuu ya Ireland ya 1845 hatta 1852 ikawahamisha watu wengi mno kwenda Marekani, nao wakaenda na mila yao. Maboga yakachukua mahali pa zile mboga za mizizi walizozoea kuzichonga nyuso, na wafanya biashara wakaifanya siku ya kuuza peremende. Kutoka huko imetufikia sisi kwa filamu na simu za mkononi.

Tazameni jinsi isivyotuelekea. Sisi pia tuna vuli yetu, lakini vuli ya Mombasa ni mvua. Majani kwetu hayapukutiki mwezi huo, bali ndipo yachipuapo. Kusi imelegea, matlai imetulia, na watu waingojea kaskazi. Jua letu huchwa kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima. Mtoto wa Kibokoni aombolezaye kufa kwa majani ya Ireland, hali mvua za kwanza zanyesha juu ya mabati yao, amevaa nguo isiyokuwa ya kipimo chake.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, ametuonya kwamba mwenye kujifananisha na watu huwa ni katika wao. Wanavyuoni wakalifafanua: lililo khasa katika dini na itikadi za wengine haliigwi, na lililo la manufaa kwa watu wote halina kizuizi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 akafa 1947 hali ni Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwaeleza watu wa mji huu tafauti hiyo tangu alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932: chukueni elimu yao na bidii yao, waachieni upuuzi wao. Sisi tumefanya kinyume mara nyingi. Barua ya skuli ingalisema watoto waje na darubini watazame mwezi, huenda tungalilalamika gharama.

Watu husema, lakini leo ni mchezo tu, hakuna aaminiye mizuka. Na tuseme ni mchezo. Imepokewa na Abu Daud kwamba sahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala, na wenziwe wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, naye akashituka kwa hofu. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Kamba tu, na kwa mzaha. Basi vipi mtoto wa miaka mitano atakayelala usiku huo akikiona kidole cha maiti katika ndoto yake? Na katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Bukhari na Muslim tumeamrishwa tuwazuie watoto ndani linapoingia giza, kwani wakati huo mashetani hutawanyika, hatta saa ipite ndipo waachwe. Tufunge milango kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na tufunike vyombo vyetu. Saa ile ile ambayo tumeambiwa tuwaingize watoto wetu ndani, wao huwatoa nje wamevaa sura za mashetani.

Mpaka hapa nadhani wengi mwaridhika nami, na huenda mzee mmoja kibarazani ameshasema, ewallah, Wazungu hawa. Lakini uadilifu wataka tugeuze nyuso tutazame ndani ya nyumba zetu.

Ni nani katika mji huu asiyekijua chano cha pepo? Mtu akiugua maradhi yasiyoeleweka, au binti akichelewa kuolewa, huendewa mganga, na mganga hupiga ramli akataja pepo, na kila pepo ana kabila lake na chakula chake. Ikatandazwa sinia: halua, asali, ndizi, miwa, mayai, zabibu, njugu, bisi na marashi. Ngoma ikapigwa usiku, ubani ukafukizwa, na wakati mwingine mbuzi akachinjwa na damu yake ikanywewa, damu ya kweli, si shira ya mabuyu. Na huko Mbaraki, penye mnara wa kale na magofu ya msikiti, mahali walipomsujudia Mwenyezi Mungu waliotutangulia karne nyingi zilizopita, watu wamekuwa wakienda kufukiza ubani na kumwaga marashi kwa ajili ya wanaodhaniwa kukaa humo. Na chini ya mibuyu vitambaa hufungwa, hatta mtu huogopa kupita usiku chini ya mti ambao mchana hula tunda lake kwa sukari na pilipili.

Sasa nipimieni. Mtoto wa Kizungu hujifunika shuka akajita mzuka, akapewa peremende, akacheka, akaila yeye mwenyewe. Na yeye na ampaye wote wajua ni uwongo. Mtu mzima wa kwetu, aswaliye na kufunga, huweka halua mbele ya asiyeonekana, naye hachezi. Huamini kwamba asipoiweka mwanawe atakufa. Ni lipi zito zaidi katika mizani ya tauhidi? Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Suratul An'am, aya ya 136, khabari za washirikina waliomtengea Yeye fungu katika mazao na wanyama alioumba, na wakawatengea fungu waliowashirikisha naye. Ameharimisha katika Suratul Baqara, aya ya 173, kilichotajiwa jina la asiyekuwa Yeye. Na katika Suratul Jinn, aya ya 6, ametueleza kwamba walikuwako watu wakijikinga kwa majini, na huko kujikinga hakukuwaongezea ila dhiki. Wapikao chano wanaijua dhiki hiyo: pepo aliyepewa halua mwaka huu hudai mbuzi mwaka ujao.

Asifahamu mtu kwamba twakanusha majini. Majini ni viumbe, wametajwa ndani ya Qur'ani, na mwenye kuwakanusha ameikanusha aya. Tunalokanusha ni kuwapa mamlaka wasiyopewa. Ayatul Kursiy na Sura mbili za kujikinga hazihitaji sinia, wala mganga hazidai fedha.

Liko jingine katika barua ile, na hili ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote. Katika mavazi waliyotajiwa watoto mlikuwamo vazi la mchawi: bibi kizee mwenye mvi, mgongo umepinda, meno yametoka. Huko Ulaya watu waliuawa maelfu kwa shutuma hizo karne kadha zilizopita, kisha wakaacha, na sasa wanaweza kuicheka. Sisi hatujaacha. Vuka daraja la Nyali, shika njia ya Kilifi, au panda feri ya Likoni uelekee Kwale. Katika sehemu hizo mbili, kwa miaka mingi ya karne hii, wazee wamekuwa wakikatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi. Mvi zao ndizo ushahidi, na mara nyingi nyuma ya shutuma limesimama shamba linalotamaniwa na vijana wa ukoo wenyewe. Wako wazee waliopaka nywele zao rangi nyeusi ili wasalimike. Kaya Godoma, upande wa Ganze, kumefanywa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao waliowazaa. Nendeni mkawaambie hao kwamba mchawi mwenye mvi ni mchezo wa karamu.

Na tusiwanyoshee kidole watu wa bara peke yao. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi kwa kumwogopa Popobawa, na katika kitisho kile mtu mmoja, mgonjwa wa akili, aliuawa Unguja na kundi lililomdhania kuwa ndiye. Hao walikuwa watu wenye misikiti na vyuo kama sisi. Hofu ya kiza haikuanzia kwao siku ile. Ilipandwa wakiwa wadogo, kila mama alipomnyamazisha mtoto kwa kumwambia zimwi linakuja.

Mwulize mtoto huyu: mabuyu ya mama yako alimfundisha nani kuyapika? Atasema, bibi. Na bibi ana mvi, na mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia jiko. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kumheshimu Mwislamu mwenye mvi ni katika kumtukuza Mwenyezi Mungu. Basi mkono uliofundishwa na bibi usipike tamu za kupelekwa kwenye karamu ambayo bibi ndiye kinyago chake.

Jawabu letu kwa mama, kwa hivyo, ni kwamba asipike kwa ajili ya siku ile, wala asimvishe mwanawe vazi lile. Kosa haliko katika sukari wala katika buyu. Liko katika itikadi ambayo siku yenyewe imesimama juu yake, na kumtisha mtoto, na kumfanya mzee kuwa mzaha katika nchi ambayo mzaha huo unaua. Amwandikie mwalimu barua ya adabu. Asiandike matusi juu ya dini ya mtu, kwani wako Wakristo wengi, na makanisa, wasioitaka siku hiyo kama tusivyoitaka sisi, na huenda mwalimu mwenyewe amefuata tu alichokiona katika kitabu cha kigeni. Amwombe siku nyingine katika muhula ambayo watoto wote, Waislamu na Wakristo na Mabaniani, waje na tamu za nyumbani kwao, kila mmoja aeleze imepikwaje na ni nani aliyewafunza. Mwalimu mwenye busara atalipenda hilo, maana ni somo lenye faida.

Na mtoto asiachwe mikono mitupu, kwani kumkataza mtoto kitu na usimpe kingine ni kumfundisha kwamba dini ni mlango uliofungwa. Jioni ile ile, baada ya Alasiri na kabla ya giza, ampikie sinia la mabuyu, mtoto mwenyewe akoroge shira, kisha ayatie vifukoni na kuyagawa chuoni kwake na kwa majirani, akianzia kwa wazee wanaoishi peke yao. Wako wengi katika vichochoro vyetu ambao wana wao wamehamia Nairobi na Ghuba, na mlango wao haubishwi wiki nzima. Hao hawana meno ya kutafuna mabuyu, wapelekewe kaimati.

Ama kina mama ambao chano bado kimo katika hesabu zao, sinia ile ile na ipikwe, halua ile ile, iliwe na mayatima kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mgonjwa apelekwe hospitali na asomewe.

Jioni moja baada ya darasa tuliulizwa pia: na mama mwengine, aliyekwisha kupika kashata za vidole sinia zima kabla ya kusikia haya, azimwage? Asizimwage. Kumwaga neema ni israfu, na kashata haina dhambi. Azivunje vipande, zile kucha za lozi azitenge kwa ajili ya kahawa, na ziliwe.

Wallahu aalam.